Sura ya Mtu katika Nyumba Iliyohamwa

Mtu akitaka kuijua sura yake huenda kwenye kioo. Akitaka sura hiyo ijulikane kwa wengine huenda kwa mpiga picha. Zamani haja hizi mbili zilikuwa mbalimbali, na ya pili ilihitaji watu wawili: mmoja wa kutazama na mmoja wa kutazamwa. Lakini mwaka 1839, mwaka ule ule ufundi wa picha ulipotangazwa kwa ulimwengu kutoka Paris, kijana mmoja wa Philadelphia, jina lake Robert Cornelius, alisimama mbele ya kamera yake mwenyewe akajitoa sura. Tangu siku hizo mtazamaji na mtazamwa wameweza kuwa mtu mmoja. Leo jambo hilo limekuwa jepesi kuliko kufunga gidamu ya kiatu. Kila mwenye simu ya mkononi hujipiga picha harusini, safarini na mezani, na picha hizo zote husema neno moja: "Nilikuwapo." Si neno baya. Binadamu wote wana haki ya kulisema, na wengi waliotangulia walikufa bila ya kupata nafasi hiyo.

Walakini pana watu wachache ambao huipeleka kamera mahali pasipo harusi wala karamu. Huenda kwenye nyumba iliyohamwa, yenye milango iliyong'olewa na popo darini, wakasimama ndani yake peke yao na kujipiga picha. Mtu wa namna hiyo hasemi "Nilikuwapo," maana nyumba ilipokuwa nyumba yeye hakuwapo. Anauliza swali lililo gumu zaidi: "Ningalikuwapo, ningalisimama wapi?" Makala haya yanamhusu mmoja wa watu hao, mwanamke mwalimu wa shule huko Mikumi na mzaliwa wa Kilosa, ambaye kwa miaka kadhaa, kila likizo ifikapo, amekuwa akijitoa sura katika nyumba tupu za mashamba ya mkonge. Jina lake halitajwi, kwa kuwa jambo linalostahili kuzungumzwa ni kazi yake.

Nchi ya Kilosa haina upungufu wa nyumba zilizohamwa. Reli ya kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliupitia mji huu na kuufanya mlango wa biashara. Mkonge nao ulifuata njia ya reli. Mmea huu si wa asili ya Afrika. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu moja aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika pwani ya Tanganyika ingali hai. Kutokana na miche hiyo michache yalipatikana mashamba yaliyofunika nyanda za Tanga, Morogoro, Kimamba na Kilosa. Katika miaka ya kwanza ya 1950 vita vya Korea viliipandisha bei ya katani, na wenye mashamba wakajenga nyumba kubwa zenye baraza pana, sakafu za saruji nyekundu na madirisha marefu yaliyoelekea milimani. Baadaye kamba za nailoni ziliingia sokoni, bei ikaanguka, na mwezi wa Oktoba mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa. Nchi ambayo katikati ya miaka ya 1960 ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka ilijikuta, miongo miwili baadaye, haifikishi hata robo yake. Mashine za kusaga mkonge zikanyamaza, na nyumba nyingi za mameneja zikabaki na upepo.

Hizo ndizo nyumba ambazo mwalimu huyo huziendea. Kazi yake haina fahari. Huchukua kamera ya kawaida, kitegemeo cha miguu mitatu, chupa ya maji, na fimbo ya kupigia majani kwa ajili ya nyoka. Akiingia chumbani hukaa kwanza bila ya kufanya lolote, ajue mwanga unaingia kwa dirisha lipi na utahama saa ngapi. Halafu huitega kamera, huipa sekunde kumi za kungoja, na katika sekunde hizo hutembea hadi mahali alipopachagua. Mara nyingi huliacha jicho la kamera wazi kwa muda wa sekunde mbili au tatu. Ukuta, kwa kuwa hautikisiki, hutoka dhahiri hata ufa wake mdogo. Yeye, kwa kuwa hupumua na kugeuka, hutoka kama moshi wenye umbo la mtu. Watazamaji hudhani huo ni ufundi wa kutisha. Kumbe ni hesabu ya haki tu: kilichodumu hudhihirika, na kilichopita upesi huonekana kwa shida.

Njia hiyo imepitwa na wengine kabla yake. Francesca Woodman, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1958, alipokuwa mwanafunzi wa sanaa huko Providence alijipiga picha katika nyumba kuukuu, akijificha nyuma ya vipande vya karatasi ya ukutani na kuuacha mwili wake ufifie mbele ya kamera. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 1981, umri wake miaka 22, na sifa yake ilienea baada ya kufa. Karibu zaidi na nyumbani, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2006 mfululizo wa picha uitwao Mémoire. Alipiga picha za magofu ya machimbo ya shaba ya Katanga, kisha akazibandika juu yake sura za wafanyakazi na mabwana wa zamani zilizotolewa katika hifadhi za kampuni. Machimbo hayo, kama mkonge wa Tanganyika, yalitaifishwa mwaka 1967.

Tofauti baina ya hao wawili yafaa kuangaliwa. Woodman aliingia katika nyumba kuitafuta nafsi yake. Kuta zilikuwa vazi lake. Baloji aliyaingia magofu kuwarudisha wenzake. Sura yake mwenyewe haikuonekana. Mwalimu wa Mikumi anasimama kati ya njia hizo mbili, wala si kwa kupenda. Baloji alikuta picha za wafanyakazi katika hifadhi, akazikata na kuzibandika. Mwalimu alitafuta sura moja tu asiipate.

Sura hiyo ni ya babu yake, mume wa bibi mzaa mama. Mzee huyo alikuja Kilosa kutoka nchi ya Waha, karibu na Kigoma, akiwa mmoja wa vibarua walioandikishwa mbali na kuletwa mashambani kwa kundi. Watu waliwaita manamba, jina lililotokana na namba walizopewa. Kila kibarua alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo sharti zitimizwe katika muda wa siku 42, ndipo alipwe. Kipande kilihesabu siku za mtu. Hakikuwa na haja ya uso wake. Babu alikata mkonge, akaoa mwanamke wa Kisagara, akazaa, akafa kabla mjukuu hajazaliwa. Hakuacha picha hata moja. Tena, kwa kuwa Wasagara, kama Wakaguru, Wavidunda na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, watoto walikuwa wa ukoo wa bibi, na jina la yule mgeni wa Buha halikupata mrithi. Kilichobaki ni usemi wa bibi, aliousema tangu mjukuu akiwa mtoto: "Wewe umechukua uso wa babu yako, paji na macho." Basi mjukuu alikua akibeba usoni mwake picha ya mtu ambaye hakupata kupigwa picha. Huenda ndiyo sababu alianza kuielekeza kamera kwake mwenyewe. Na aliyesema kwamba mtu hujipiga picha kwa kujipenda tu hakuzijua sababu zote.

Bibi naye alikuwa na habari zake. Katika ujana wake alifanya kazi katika nyumba ya meneja: kufua, kupiga pasi, na kusugua sakafu kwa brashi na nta nyekundu. Siku moja mjukuu alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akamweleza kwamba ametoka kwenye nyumba ile na amejipiga picha sebuleni.

"Ulipiga hodi?" bibi akauliza.

"Bibi, nyumba ni tupu. Nani angeitika?"

"Sikukuuliza nani aliitika. Nimekuuliza kama ulipiga hodi. Na uliingia kwa mlango gani?"

"Wa mbele, bibi."

Bibi akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi miaka saba sikuujua mlango huo. Sisi tulipita jikoni."

Katika maneno hayo machache mna mambo mawili ambayo msomi angeyaandikia kitabu. La kwanza ni hodi. Kwa desturi ya Waswahili na majirani zao, mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka, kwa kuwa ukimya nao ni jibu. Nyumba iliyohamwa haiitiki kamwe. Kwa hiyo aingiaye ndani yake huingia kinyume cha jibu, na hana budi kujiuliza ameruhusiwa na nani. Pengine mwenye hati ni shirika, pengine ni kampuni iliyonunua shamba baadaye, pengine ni mrithi aliye ng'ambo. Na kijijini daima yupo mzee anayejua habari za kila kiwanja. Tangu siku ile mwalimu hakuingia nyumba yoyote kabla ya kumwona mwenyekiti wa kijiji na mlinzi kama yupo, akaeleza haja yake. Na mlangoni, hata akiwa peke yake, hupiga hodi. Hangoji jibu la wafu. Hodi ni adabu ya aliye hai, nayo humkumbusha kwamba yeye ni mgeni.

La pili ni mlango. Nyumba kubwa zilikuwa na njia mbili, na njia hizo ziliwagawa watu kuliko ukuta. Mjukuu alipoyasikia maneno ya bibi alizitazama upya picha zake, akaona kwamba katika zote alisimama mahali pa bwana: barazani, sebuleni, mbele ya meko. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyekuwapo wa kumzuia. Yamkini mtu akasema kwamba huo ndio ushindi, mjukuu wa manamba kusimama palipokatazwa. Ni kweli kwa kadiri yake. Lakini mjukuu alirudi katika nyumba ile ile, akapita kwa jiko la nje, akaingia kwa mlango mdogo, akapiga magoti sakafuni akiwa amelielekeza paji lake kwenye mwanga, akajitoa sura hiyo. Picha ya kwanza ilisema kwamba zamani zimekwisha. Ya pili ilisema zilikuwaje. Taifa linahitaji picha zote mbili, na likiiweka ya kwanza peke yake litakuwa limeupamba ukuta bila ya kuieleza nyumba.

Kisha alikwenda mahali palipokuwa na kambi ya vibarua, na huko hakupata nyumba ya kusimama ndani yake. Vibanda vya udongo na fito vilirudi ardhini zamani. Imebaki miembe, vipande vya vyungu na misingi michache. Hapo ndipo ukweli mchungu wa magofu unapojulikana. Jiwe na saruji hudumu, udongo huyeyuka, na mpita njia aonaye magofu huona maisha ya wachache akadhani ameiona historia yote. Mwalimu alitega kamera chini ya mwembe, akasimama uwanjani peupe. Katika picha hiyo hamna ukuta wala dirisha. Watazamaji huipita upesi wakidhani imechanganywa na nyingine kwa bahati mbaya, naye hukataa kuitoa katika mfululizo.

Pana nyumba nyingine tupu ambazo hakutaka kabisa kujipiga picha ndani yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa na vijijini, ukaing'oa reli, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Baadhi ya nyumba hazikukaliwa tena, na alama ya tope ilibaki ukutani kama mstari wa rula. Kwa jicho la kamera hizo ni nyumba nzuri kupita kiasi. Lakini wenyewe wapo mtaa wa pili, wanauza nyanya, wanapeleka watoto shule. Sura inayostahili kusimama hapo ni yao. Nyumba aliyoiacha bwana kwa sababu faida imekwisha si sawa na nyumba aliyoikimbia maskini kwa sababu maji yamefika kifuani, wala hiyo si sawa na nyumba iliyopigwa alama nyekundu ya X kwa kuwa barabara itapita. Zote huitwa tupu, lakini kila moja ina utupu wake, na mpiga picha asiyezitofautisha hufanya biashara ya machozi ya jirani.

Huko Mikumi, mji ulio kando ya barabara kuu na ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, utupu una sura nyingine tena. Nyumba ikikaa misimu michache bila ya moto jikoni, nyani huingia, mizizi hupenya ufa, na tembo wapitao usiku hujikuna ubavu kwenye pembe za ukuta. Mwalimu ana picha moja aliyoipiga katika nyumba ya namna hiyo, mgongo wake ukiwa umeegemea mzizi ulioshuka ukutani kama nguzo. Katika picha hiyo hakuna bwana wala mtumishi. Kuna mtu na mti, na mti ndio mwenye haraka.

Kazi hii haikosi wapinzani. Wazee wengine huiita uchuro. Husema mtu akijiweka katika nyumba iliyokufa ataivutia kwake. Vijana husema ni maringo ya wenye elimu. Wasomi husema kwamba uzuri wa magofu ni hatari, kwa kuwa humfanya mtazamaji aburudike na anguko la watu wengine. Hoja ya wasomi ndiyo nzito. Picha nzuri ya ukuta uliooza haielezi mshahara, bei ya katani, wala sababu ya kijana wa Kigoma kuvuka nchi nzima kwenda kukata majani yenye miiba. Dawa yake si kuacha kupiga picha. Dawa yake ni maneno. Nyuma ya kila picha yake mwalimu huandika kwa kalamu: nyumba ilikuwa ya shamba gani, ilihamwa mwaka gani kama inajulikana, nani waliifanyia kazi, na yeye aliingia kwa mlango gani. Picha isiyo na maandishi ni yatima; kila aipataye huipa ukoo aupendao.

Tena picha yenyewe haina dhamana ya kudumu kuliko nyumba. Samuel Fosso, mzaliwa wa Cameroon wa mwaka 1962, alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na filamu zilizobaki baada ya kazi ya mchana alizitumia usiku kujipiga picha, apate kumpelekea bibi yake aliyekuwa Nigeria. Picha hizo baadaye zilizunguka dunia. Lakini mwaka 2014, wakati wa machafuko ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, nyumba yake iliporwa, na filamu zake nyingi zilikutwa zimetawanyika chini, zikaokotwa na waandishi wa habari waliokuwa wakipita. Mtu aliyejitunza sura kwa miaka karibu 40 alipona kwa bahati ya wapita njia.

Mwalimu alipompelekea bibi yake picha ya kupiga magoti, bibi hakutazama uso. Aliikaribisha picha machoni, akapitisha kidole chini yake, akasema, "Sakafu hii niliisugua mimi. Hapa pembeni palikuwa pagumu kung'aa." Baada ya hapo ndipo alipouliza yule mtu ni nani, na alipoambiwa, alicheka. Mjukuu akamwomba waende pamoja, akae barazani kwa mlango wa mbele, apigwe picha. "Nikae barazani nifanye nini?" bibi akajibu. "Bati zimekwisha kuchukuliwa, baraza halina kivuli tena."

Alisema kweli. Bati zilianza kutoweka, zikafuata mbao, na sasa matofali yanapungua mwaka hadi mwaka. Wanakijiji huyabeba kwa baiskeli kwenda kujengea, na hakuna anayeona haya, kwa kuwa ni wao au baba zao walioyabeba mara ya kwanza. Nyumba ya meneja haijapotea. Imegawanyika katika majiko na visima vya watu wengi. Ukuta mmoja wa jiko la bibi umejengwa kwa matofali hayo, makubwa kuliko ya siku hizi, bado yana rangi ya chokaa upande mmoja. Mbele ya ukuta huo, asubuhi, moto ukiwa umekwisha kuwashwa, bibi alikubali kukaa kwenye kigoda. Mjukuu alitega kamera, akaipa sekunde kumi, akaenda kukaa karibu naye.